Sukari ya Krismasi ya 1982: nimeambiwa niiandike, na mimi namjua aliyeibeba

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 51, mwalimu wa Kiswahili wa sekondari hapa Dar es Salaam. Nina mume na watoto watatu. Kwetu ni Rombo, upande wa mlima unaotazama Kenya. Kijiji naomba nisikitaje, maana kule mtu akisikia herufi ya kwanza tu anajua wewe ni mtoto wa nani.

Umeshasikia tunavyotaniwa sisi Wachaga kwamba kila Desemba tunakwenda kuhesabiwa. Katika ukoo wetu huo si utani. Ukikosekana mwaka mmoja unapigiwa simu, ukikosekana miwili unawekewa kikao. Tunapanda wote: mwenye gari, mwenye tiketi ya basi, na yule ambaye nauli yake imechangwa kimyakimya. Krismasi tunasali, tunakula, tunapita makaburini chini ya migomba kufagia na kuwasha mishumaa. Tarehe 26 jioni ndiyo yenyewe. Mbuzi ameshagawanywa, kila mtu kapata sehemu anayostahili, mbege, pombe yetu ya ndizi, imeiva, majirani wameingia, na wakubwa wanaanza kusimulia. Kuna simulizi moja ambayo isiposemwa watu hawaondoki. Ni ya sukari.

Mwaka 1982 nilikuwa na miaka 8. Mpaka wetu na Kenya ulikuwa umefungwa tangu 1977, vita vya Kagera vilikuwa vimeisha 1979 lakini njaa ya vitu ilikuwa haijaisha. Sabuni hakuna, mafuta ya kula hakuna, sukari tulikuwa hatujaiona tangu Pasaka. Basi inasimuliwa kwamba siku mbili kabla ya Krismasi baba yangu alisema wanawe hawatakunywa chai kavu siku aliyozaliwa Bwana. Akajitwika kahawa ya kihambani, yaani ya shamba letu la ukoo, akavuka usiku kwa njia za panya kuelekea Loitokitok, akarudi alfajiri na sukari kichwani. Asubuhi ya Krismasi akapita nyumba kwa nyumba katika kitongoji kizima, na kila mlango akapima kikombe kimoja. Tajiri kikombe kimoja, maskini kikombe kimoja, hata jirani tuliyekuwa tunagombana naye mpaka wa shamba akapata chake.

Kikombe chenyewe kipo. Ni cha bati, cheupe, ukingo wa bluu, rangi imebanduka pale panaposhikwa. Kaka yangu mkubwa anakitunza kwenye kabati la vioo, na tarehe 26 kinatolewa, kinajazwa sukari, kila mjukuu anachota kijiko. Kilo zinaongezeka kila mwaka. Nilipokuwa kidato cha pili, ndipo nilipoanza kuisikia, zilikuwa kilo 20. Sasa ni 50, na kuna chui amejitokeza njiani, sijui aliingia lini.

Baba alifariki Desemba 2015. Padri alihubiri ile sukari msibani. Watu wa vijiji vya jirani walisimama wakasema, "Mimi nilikunywa."

Mwaka 2022 mama aliugua, nikawa nalala naye hospitali. Usiku mmoja, akili yake ikiwa timamu kabisa, akaniambia: "Baba yako usiku ule alikuwa na homa, hakunyanyuka kitandani. Kahawa ilikuwa yake. Miguu ilikuwa ya mdogo wake." Nikamuuliza kwa nini hakuwahi kusema. Akageukia ukutani. Baada ya wiki mbili tukamzika.

Baba mdogo, Mama Mshauri, ndiye aliyebaki na mzigo wote. Mwaka 1983 serikali ilipoanza msako wa wahujumu uchumi, yaani walanguzi na waficha bidhaa, alionyeshwa kidole na mtu ambaye hadi leo hajulikani. Akakaa ndani miezi saba. Alirudi mwembamba, haongei. Kijiji kikampa jina: Mhujumu. Wanawe shuleni wakaitwa watoto wa Mhujumu na walimu waliokuwa wamekunywa sukari ileile. Alifariki 1997. Kaburi la baba lina marumaru nyeupe, la baba mdogo liko chini kabisa mwa kihamba, udongo mtupu umezungushiwa mimea ya masale.

Mwanawe wa pili anaendesha bodaboda Himo. Tarehe 26 hapandi. Miaka miwili iliyopita nilishuka pale nikampandia pikipiki yake, nikamuuliza kwa nini hatumwoni nyumbani. Akanijibu bila kugeuka: "Dada, kwenu mna hadithi. Sisi tuna jina tu."

Sasa mwaka huu inatimia miaka 10 ya baba. Kaka ameandaa misa ya kumbukumbu, wajukuu wanafanya igizo la sukari (mwanangu wa mwisho ndiye chui), na mimi, kwa kuwa ni mwalimu wa lugha, nimepewa kuandika kijitabu cha maisha ya baba. Nakala 200. Mchapaji wa Moshi anataka maandishi wiki ya kwanza ya Desemba. Nimeandika kuzaliwa kwake, ubatizo, ndoa, kazi. Nikifika 1982 kalamu inagoma.

Nikimwambia kaka, naogopa. Wazee wa ukoo wako kwenye mazungumzo ya kugawa kihamba, na sehemu ya nyumba ya baba mdogo ndiyo yenye maneno. Atasema mama mdogo, mjane wa baba mdogo, amenituma. Nikinyamaza, nitakuwa nimechapisha uongo kwa mkono wangu, halafu narudi darasani kufundisha wanafunzi insha ya ukweli. Na mama mdogo mwenyewe yupo, ana miaka 79, kila mwaka anakaa mstari wa mbele, anacheka na kupiga makofi pale pa chui kama wengine wote. Lazima anajua. Sasa anacheka nini?

Kitu kimoja tu kingine nakumbuka. Miaka ya 90 mwanzoni, baba anasimulia, baba mdogo amekaa kwenye kigogo na kata yake ya mbege. Baba alipofika pale pa kuvuka korongo, baba mdogo akasema taratibu, macho ndani ya kata: "Kaka, umesahau mvua." Baba akanyamaza kidogo, akasema, "Kweli, kulikuwa na mvua." Akaendelea. Tangu siku hiyo mvua imo kwenye hadithi. Wakati ule sikuelewa chochote.

Nifanye nini?

Mtoto wa Tatu, Dar es Salaam

*

Marahaba, mwalimu wangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu niliinuka kwenda kutafuta kikombe changu cha bati, cha marehemu bibi yangu, kilichopotea miaka mingi. Sikukipata. Lakini nikakaa jikoni kwa muda nikiwaza.

Ngoja nikurudishie shida yako kama nilivyoielewa, unikosoe kama nimepinda. Kuna jambo jema lililofanyika kweli: sukari iliingia kitongojini, watu wakanywa, nawe ni shahidi, ulikuwepo. Hakuna anayekunyang'anya hilo. Shida ni jina lililobandikwa juu yake. Ndugu mmoja alipata sifa, mwingine akapata jela na jina baya, na jambo lilikuwa moja. Wewe umepewa siri hiyo kitandani pa mgonjwa bila maelekezo ya kuitumia, na sasa umepewa kalamu. Haya mambo mawili yamekutana mkononi mwako mwaka huu, hukuyatafuta. Kwa hiyo kabla ya yote, mwanangu, acha kujisuta kana kwamba wewe ndiye uliyeiba sifa ya mtu. Ulikuwa na miaka 8.

Mimi ni mtu wa Tanga. Mwaka ule wa 1983 nilikuwa msichana, nafanya kazi ya kuuza duka la watu. Nakumbuka Waziri Mkuu Sokoine alipotangaza vita na walanguzi, namna mji ulivyotetemeka usiku mmoja. Watu walitupa mali. Nimeona kwa macho yangu miche ya sabuni imetupwa mtaroni, povu linatiririka asubuhi kama mtu kafua mtaa mzima, wakati sisi tulikuwa tukifulia majani ya mpapai. Mtu mwenye vitenge sita ndani alikuwa halali. Nakwambia haya kwa sababu watoto wako wataiona hadithi ya sukari kama kisa cha kuchekesha chenye chui. Kwa baba yako na mdogo wake, baada ya Machi 1983, hadithi hiyohiyo ilikuwa ushahidi wa mahakamani.

Hapo ndipo ninapotaka kukupunguzia mwendo. Umeandika kwamba ulianza kuisikia ukiwa kidato cha pili. Kwa umri wako hiyo ni kama 1989. Kwa nini si 1984? Kwa nini si Krismasi ya mwaka uliofuata, wakati utamu ulikuwa bado mdomoni mwa watu? Nadhani hakuna aliyethubutu kuitaja. Mpaka ulifunguliwa tena Novemba 1983, na ukihesabu miezi saba ya baba yako mdogo, huenda alikuwa bado ndani, au ndiyo anatoka, siku watu walipoanza kuvuka mchana kweupe. Bajeti ya 1984 ikaruhusu mwenye fedha zake za kigeni kuleta bidhaa bila kuulizwa kazitoa wapi. Mwaka 1985 akaja Rais Mwinyi, Mzee Ruksa. Kosa lililomfunga mtu likawa biashara, na wale waliokuwa wahujumu wakaitwa wafanyabiashara. Isipokuwa jina la utani. Jina la utani halina msamaha wa rais.

Basi baba yako alianza kusimulia wakati hatari imepita. Aliposema "nilibeba", alikuwa anampora mdogo wake, au alikuwa anasema kile ambacho mdogo wake hakutaka tena kukisema? Sijui, na ninakuomba nawe ukubali kwa sasa kwamba hujui. Unaye shahidi mmoja, mama yako, Mungu amlaze pema, na maneno yake ni mazito. Lakini yasome tena. "Kahawa ilikuwa yake. Miguu ilikuwa ya mdogo wake." Mama yako hakusema baba yako ni mwongo. Amegawa ile safari vipande viwili kama mnavyogawa mbuzi, kila mtu na sehemu yake. Na ya tatu ni kupita nyumba kwa nyumba na kikombe asubuhi ya Krismasi. Hiyo ilikuwa ya nani? Hukumuuliza, nami nisingeuliza usiku ule. Yupo mtu wa kumuuliza.

Halafu ile mvua.

Mwalimu, katika barua nzima hilo ndilo lililonikalisha. Umeliweka mwishoni kama kitu kilichobaki mfukoni. Baba mdogo alikuwa pale. Alisikia hadithi yake ikisimuliwa kwa mdomo wa kaka yake, mbele ya kijiji kilichomwita Mhujumu, na hakuondoka wala hakugomba. Akasahihisha hali ya hewa. Na kaka mtu akakubali: "Kweli, kulikuwa na mvua." Mtu aliyelala na homa angejuaje? Wale wawili walikuwa wanazungumza jambo ambalo nyie wengine hamkulisikia. Inawezekana ulikuwa unyonge wa mdogo mbele ya kaka, hajui aanzie wapi kudai chake. Inawezekana pia lilikuwa agano: wewe sema, mimi nitakaa hapa, ila useme vizuri. Tofauti kati ya hayo mawili ni kubwa mno, na kijitabu kitakachoandikwa bila kujua ni lipi kitakosea upande mmoja au mwingine.

Umeniuliza mama mdogo anacheka nini. Umesema "lazima anajua". Huenda. Mke wa mtu aliyevuka korongo usiku wa mvua na gunia kichwani hawezi kutojua nguo zilirudi na tope. Ila umemsomea kicheko chake kama fumbo, au kama jeraha lililofichwa. Mimi nimeona vikongwe wakicheka kwa sababu nyingi. Wapo wanaocheka wasilie. Wapo wanaocheka kwa sababu kila chui anapotokea wao wanamwona marehemu mume wao anatembea tena, hata kama watu wanamwita kwa jina la mwingine. Na wapo waliochoka tu, wanataka nyama na wajukuu. Usimwekee mama wa miaka 79 maneno mdomoni, hata yawe ya haki.

Tuje kwenye hizo njia zako.

Ya kusema hadharani tarehe 26, baada ya misa au badala ya igizo, hukuitaja waziwazi, lakini naihisi imejificha katikati ya mistari. Ina mvuto. Mtu anasimama, kimya kinatanda, ukweli unatoka. Ila fikiria nani watakuwa wamekaa pale. Wajukuu wamevaa magunia na mkia wa chui. Kaka yako amekamata kikombe. Mama mdogo mstari wa mbele, watu wote wanageuka kumtazama yeye, na hakuna aliyemuuliza kama anataka kutazamwa. Yule kijana wa Himo, ambaye ndiye mwenye kidonda, hayupo. Atasikia Jumamosi kijiweni kutoka kwa abiria. Aibu inaweza kuhamishwa kutoka kaburi moja kwenda jingine kwa dakika tano, na ikifika huko haina faida kwa mtu.

Ya kunyamaza na kuandika kama ilivyozoeleka nayo nisiidharau. Watu wengi wamefanya hivyo na wakafa wana amani, au wanaonekana hivyo. Familia inahitaji kitu cha kushika, na baba yako alikuwa mtu mwema, ungeandika mema yake kwa dhati. Hofu yangu ni moja. Hadithi ya mdomo ina pumzi: mwaka huu kilo 20, mwaka ujao 50, mtu wa pembeni anatupia mvua, inaingia. Ikishachapwa nakala 200, mlango wa kutupia mvua umefungwa. Baba yako hakuwahi kuifunga hivyo. Wewe ndiye utakuwa wa kwanza. Na umeniambia mwenyewe kalamu imegoma, kwa hiyo sidhani kama unaniomba ruhusa ya kunyamaza.

Kuna ya kumwendea kaka kwanza, mlangoni, ninyi wawili. Hapa hofu yako ya kihamba nimeielewa, nayo ni ya kweli. Mahali ardhi inapogawanywa, hata salamu inageuka hoja. Ukimwambia "baba hakubeba sukari" wakati wazee wanapima migomba, masikioni mwake itasikika "nyumba ya baba mdogo ipewe zaidi". Je, kunaweza kuwa na namna ya kutenganisha vitu hivi? Pengine kumwambia wazi kwamba hiki unachokisema hakina mguu shambani, na kwamba hata kikao cha ardhi kikiisha utakuwa unasema vilevile. Pengine kusubiri kikao kiishe. Lakini kusubiri nako kuna bei yake: mama mdogo ana miaka 79, na mchapaji ana tarehe yake. Hapo kuna la kujiuliza kuhusu mchapaji. Nani kasema lazima kijitabu kitoke mwaka huu? Miaka 10 ni namba nzuri, 11 si haramu. Au kitoke mwaka huu bila ukurasa wa 1982, watu walalamike, na wewe ujibu kwamba ukurasa huo bado unaandikwa. Watakusema. Umeshawahi kusemwa.

Wako watu watakaokushauri uandike katikati: "sukari iliingia kutoka nyumba hii, kwa kahawa ya mmoja na miguu ya mwingine, katika mwaka mgumu", majina yote mawili, bila kumshusha yeyote. Mimi mwenyewe wazo hilo lilinijia kwanza, na ni maneno ya mama yako karibu yote. Ila nalo lina mtego wake. Mtu aliyekaa ndani miezi saba hawezi kuingizwa kwenye sentensi kwa neno "pia". Na wanawe wakisoma wataona kama wamerushiwa mfupa wakati wengine walishagawana nyama zamani. Kama utaandika hivyo, 1983 nayo itataka ukurasa wake, na huo ndio ukurasa mgumu kuliko wa chui.

Kuna mambo madogo madogo pia. Hiyo misa ya kumbukumbu: nia yake imeandikwa kwa jina la baba peke yake? Parokiani mnaweza kuongeza jina la mdogo wake, na padri akasoma majina mawili. Kaburi la chini mwa kihamba: mishumaa mnayowasha Krismasi, mnashuka hadi kule, au mnaishia kwenye marumaru? Sikulaumu, nauliza, kwa sababu sisi kwetu siku ya Idi tunazuru makaburi na kuna moja la mjomba wangu tulilipita kwa miaka kumi na mbili tukisema limeota majani mengi. Majani hayakuwa sababu.

Ninyi mna kitu ambacho sisi wa pwani hatuna, jani la sale. Nimeishi na jirani wa Marangu miaka mingi, akanieleza kwamba mtu akikujia na sale kuomba msamaha, kumkatalia ni jambo zito mno. Nina hakika limekupitia akilini, kwenda kwa mama mdogo au kwa yule kijana wa bodaboda na jani mkononi. Ni jambo zuri. Lakini kwa sababu hiyohiyo kwamba haliwezi kukataliwa, sipendi liende mapema. Ukimpelekea mtu sale kabla hajasema lililomuuma, umemfunga mdomo kwa heshima. Atasema "yameisha" kwa kuwa mila inamtaka aseme hivyo, na atarudi Himo na kitu kilekile kifuani. Tena utakuwa unaombea msamaha jambo ambalo bado hujalijua lilivyokuwa.

Na kijana huyo. "Kwenu mna hadithi, sisi tuna jina tu." Amekwambia hivyo akiwa amekupa mgongo, ukiwa umepanda pikipiki yake, mahali ambapo hamkuweza kutazamana. Kuna watu wanachagua pa kusemea. Yeye hakuomba marumaru wala migomba. Sijui kama anajua nani alibeba sukari. Kama anajua, amekuwa akiangalia mnavyoadhimisha kwa miaka yote hiyo. Kama hajui, basi amelelewa akiamini baba yake alifungwa kwa uroho wake mwenyewe, na habari hii kwake ni kubwa kuliko ilivyo kwako, kwa kaka, kwa kijiji kizima. Nikiwa wewe ningetamani asiisome kwenye kijitabu. Ila pia ni mtoto wa mama yake, na mama yake yu hai. Kumwambia yeye kabla ya mama ni kumpita mwenye mali.

Kwa hiyo nikitazama wote uliowataja, naona umehangaika na kaka, na wajukuu, na mchapaji, na mimi, na mtu mmoja tu ndiye hujazungumza naye. Labda kwa sababu ndiye anayeweza kukujibu. Akisema "mwanangu, liache, tulikubaliana na marehemu", utabaki na siri ambayo sasa si ya kwako kuitoa, na itabidi ujifunze kukaa nayo. Akisema "nimesubiri miaka arobaini mtu aniulize", utakuwa na kazi ambayo kijitabu kimoja hakitaitosha. Akikataa kabisa kujibu, akabadilisha mazungumzo, nalo ni jibu, usimkamate mkono. Yote matatu yana uchungu wake na siwezi kukuchagulia la kuomba.

Panda mapema kidogo mwaka huu, kama shule itakuruhusu. Usiende na daftari, na kile kikombe kiache kabatini. Mpelekee sukari kilo mbili na majani ya chai, kama mtu anayekwenda kumsalimia mama yake. Mkae jikoni. Usianze na baba, wala 1983, wala kihamba, wala alichosema mama hospitali. Chai ikishachemka, muulize tu usiku ule mvua ilianza kunyesha saa ngapi.